Mganga, Tabibu, Daktari: Historia ya Majina ya Vyeo vya Tiba katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

UTANGULIZI

Historia ya huduma za afya katika Afrika Mashariki imekwisha andikwa mara nyingi kwa kufuata nyaraka za serikali, taarifa za wamisionari na hesabu za hospitali. Nyaraka hizo, hata hivyo, ziliandikwa aghalabu kwa Kiingereza au Kijerumani, na hivyo hueleza jinsi watawala walivyowapanga watumishi wao. Namna wagonjwa walivyowaelewa watumishi hao ni jambo jingine, nalo limehifadhiwa zaidi katika majina ambayo wagonjwa wenyewe waliwapa wale waliowatibu. Majina hayo hayakuchunguzwa ipasavyo.

Haja ya uchunguzi huo si ya kinadharia tu. Mgonjwa aingiaye hospitali ya wilaya nchini Kenya huweza kupokewa na muuguzi, akapimwa damu na fundi wa maabara, akachunguzwa na afisa wa kliniki, na pengine akafikishwa mbele ya mhitimu wa chuo kikuu au bingwa wa upasuaji. Aghalabu huwaita wote kwa jina moja: daktari. Miongoni mwa watu hao yuko aliyesoma miaka sita katika chuo kikuu na kufanya mwaka mmoja wa uanagenzi, na yuko aliyesoma miaka mitatu katika chuo cha mafunzo ya tiba. Kila mmoja ana mamlaka yake kisheria na mipaka yake. Mipaka hiyo mgonjwa haioni, kwa kuwa lugha anayoitumia haimwonyeshi.

Ni rahisi kudai kwamba kasoro hii imetokana na ujinga wa wananchi. Madai hayo hayana msingi. Kiswahili kilikuwa na majina mengi ya waganguzi, yenye kutofautishwa barabara, kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa. Mchanganyiko uliopo umetokana na historia: kwanza, mikondo mitatu ya maneno iliyokutana katika uwanja mmoja, pili, serikali mbili jirani zilizofuata njia mbili tofauti katika kuwaita watumishi wao.

MAJINA YA ASILI NA MAFUNZO YALIYOKUWA NYUMA YAKE

Jina la kale kabisa katika uwanja huu ni mganga. Shina lake limeenea katika lugha nyingi za Kibantu: Kikongo kina nganga, Kishona kina n'anga, Kichewa kina sing'anga. Mtawanyiko huo wadhihirisha kwamba jina hili halikubuniwa pwani, bali ni urithi wa pamoja wa jamii zilizotengana zamani sana. Katika Kiswahili, kitenzi kuganga hakina maana ya kuponya maradhi peke yake. Huganga mtu aungaye kitu kilichovunjika, afungaye kamba iliyokatika, au arekebishaye jambo lililoharibika. Maana hiyo pana imehifadhiwa katika methali isemayo, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ndwele ni maradhi, lakini kinachogangwa hapo ni mambo ya siku zijazo. Kwa hiyo, mganga katika fikira za wasemaji wa kale alikuwa mtu wa kuunga kilichoachana: mfupa kwa mfupa, mtu kwa jamaa zake, walio hai kwa wazee wao waliotangulia.

Jina hilo halikusimama peke yake. Kulikuwa na mwaguzi, atokanaye na kitenzi kuagua, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kufumbua chanzo cha ugonjwa. Kulikuwa na mpiga ramli, aliyetazamia kwa mchanga na hesabu. Kulikuwa na mganga wa pepo, na mganga wa miti shamba. Kulikuwa na aliyeumika kwa chuku, na ngariba aliyetahiri. Tena kulikuwa na mwalimu wa chuoni aliyeandika kombe na kufunga hirizi. Mgonjwa aliyepatwa na kichwa hakwenda kwa ngariba, wala mwenye pepo hakupelekwa kwa muumishi. Ugawaji wa kazi, ambao hudhaniwa kuwa ni sifa ya tiba ya kisasa, ulikuwako, nao ulionekana wazi katika lugha.

Mafunzo nayo yalikuwako, na yalikuwa na msamiati wake. Mwanafunzi wa uganga alikaa na mwalimu wake muda mrefu, akabeba dawa, akajifunza majina ya miti na miiko yake, hata akapewa mkoba. Kupewa mkoba, au kurithi mkoba, ndiko kulikokuwa kuhitimu. Mahali pa kazi paliitwa kilinge. Malipo ya awali yaliitwa kifungua mkoba, maana mkoba haukufunguliwa bure. Aliyekuwa chini ya uangalizi wa mganga aliitwa mteja, jina ambalo leo hutumiwa madukani na benki bila ya wengi kukumbuka kwamba limepitia kilingeni. Hata mipaka ya taaluma ilijulikana na kusemwa. Methali "Mganga hajigangi" ni kanuni ya kazi: mwenye ujuzi humhitaji mwenye ujuzi mwenziwe.

Kando ya hao alisimama mkunga. Huyu alikuwa mwanamke mzima, aliyezaa na kuzalisha, ambaye elimu yake ilipatikana kwa kushuhudia na kusaidia. Heshima yake yaonekana katika onyo la wahenga, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Ni vigumu kupata cheo kingine cha tiba kilichopewa ulinzi wa namna hiyo katika methali.

TABIBU NA HAKIMU

Mkondo wa pili ni wa Kiarabu. Kutokana na maingiliano ya karne nyingi kati ya pwani na nchi za ng'ambo ya bahari, Kiswahili kilipokea dawa, tiba na tabibu. Katika Kiarabu, tabibu ni mtu wa elimu ya vitabu. Elimu hiyo ilirithiwa kwa Wayunani, ikaendelezwa na wataalamu kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Jina hili basi lilipofika pwani lilikuwa na harufu ya wino na karatasi, tofauti na mganga aliyenukia miti na moshi wa ubani.

Yafaa kutaja hapa jina lililopotea njiani. Katika Kiarabu, tabibu huweza pia kuitwa hakim, yaani mwenye hekima; na kuna neno jingine, lenye irabu ndefu mahali tofauti, lenye maana ya mwamuzi. Kiswahili hakitofautishi urefu wa irabu kwa namna hiyo. Hakimu wa Kiswahili akawa mtu wa mahakama tu, na uwanja wa tiba ukaachiwa tabibu.

Hata hivyo, kwa muda mrefu tabibu alibaki kuwa jina la maandishi zaidi kuliko la mazungumzo. Lilitumiwa na washairi na wanazuoni. Watafsiri wa Biblia nao walilipenda, kwa sababu iliyo wazi. Katika tafsiri ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952, Luka ni tabibu, ilhali waganga katika kitabu cha Danieli wametajwa pamoja na wachawi. Uteuzi huo uliwatenganisha katika fikira za wasomaji watu wawili ambao katika usemi wa kawaida waliweza kuwa mtu mmoja. Sheria ilisaidia utengano huo. Sheria ya Uchawi ilipitishwa Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928. Na ingawa ilikusudiwa kuzuia uchawi, machoni pa watawala wengi mganga na mchawi hawakuwa mbali. Mganga ambaye kwa Waswahili ni adui wa mchawi akajikuta amewekwa naye katika kapu moja.

DRESA, DAKTARI NA SINDANO

Mkondo wa tatu uliletwa na utawala wa kikoloni. Daktari wa Kizungu alikuwa adimu, na alihudumia kwanza maofisa, walowezi na askari. Chini yake waliwekwa wasaidizi wa upasuaji kutoka Uhindi, na chini ya hao Waafrika waliofunzwa kazi za mkono: kusafisha vidonda, kufunga bendeji, kuchanganya dawa. Huyu wa mwisho Kiingereza kilimwita kwa jina lenye maana ya mfunga vidonda, na Kiswahili kikamwita dresa.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliharakisha jambo hili. Wapagazi wa kikosi kile kilichoacha jina lake katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Baada ya vita ilidhihirika kwamba afya ya vijijini haikuweza kuachwa vile vile. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika ilianza mpango wa kuwaweka madresa katika zahanati zilizoendeshwa na tawala za wenyeji. Nchini Kenya, chuo cha mafunzo ya tiba cha Nairobi chahesabu mwanzo wake tangu mwaka 1927, na mafunzo ya wasaidizi wa hospitali, ambao ndio wazee wa maafisa wa kliniki wa leo, yalianza mwaka uliofuata. Nchini Uganda, Makerere ilianza kufundisha utabibu mwaka 1924.

Wahitimu wa Makerere walikuwa na elimu ndefu, lakini hawakupewa cheo kamili. Waliajiriwa kama wasaidizi wa maofisa wa tiba, kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile, na shahada yao haikutambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza mpaka mwaka 1957. Neno "msaidizi" basi lilikuwa na kazi mbili. Kwa dresa lilieleza kiasi cha mafunzo. Kwa mhitimu wa Makerere lilieleza rangi ya ngozi. Ambapo cheo kimoja huweza kuficha jambo la pili ndani ya la kwanza, si ajabu wananchi wakaacha kukiamini.

Wananchi walikuwa na kipimo chao. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 kampeni dhidi ya buba zilieneza dawa ya sindano, na matokeo yake yalionekana kwa macho katika muda wa siku chache: vidonda vilivyomtesa mtu miaka mingi vilikauka. Watu walikwenda mbali kutafuta sindano. Haikuwahusu kama aliyeishika alisoma miaka sita au miezi sita. Hapo ndipo daktari, jina lililotoholewa kwa Kiingereza, lilipoanza kupanuka kupita mipaka yake. Kwa sheria lilikuwa jina la shahada. Kwa raia lilikuwa jina la sindano na koti jeupe.

Sarufi nayo yashuhudia tofauti ya mikondo hii. Mganga, mwaguzi, mkunga na muuguzi hufuata ngeli ya M-WA: waganga, waaguzi, wakunga, wauguzi. Tabibu, daktari, dresa, nesi na sista huchukua MA- katika wingi: matabibu, madaktari, madresa, manesi, masista, kama vile makarani, maofisa na mabwana. Kiswahili kimewaweka watu wa tiba waliotoka nje katika safu moja na wenye vyeo vya serikali, nao wa nyumbani kikawaacha miongoni mwa watu.

UHURU NA NJIA MBILI

Baada ya uhuru tatizo la majina lilitatuliwa kwa namna mbili tofauti, na tofauti hiyo haikutokana na hali ya tiba bali na siasa ya lugha.

Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilikuwa imekwisha tumia Kiswahili katika utawala wa chini tangu enzi ya Wajerumani. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa, na wizara zikahitaji istilahi. Serikali ililazimika kuwaita watumishi wake kwa lugha ya raia. Katika uteuzi wake haikuliogopa jina la kale. Ofisa mkuu wa tiba nchini huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Wa mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa. Msimamizi wa hospitali, Mganga Mfawidhi. Mganga aliyetajwa na sheria za kikoloni kando ya mchawi akarudishiwa kiti, tena kiti cha mbele. Wakati huo huo yule mwenye mkoba alilazimika kuongezewa sifa: akawa mganga wa kienyeji, kisha mganga wa jadi, na hatimaye mganga wa tiba asili, hasa baada ya sheria ya mwaka 2002 iliyomtambua na kumsajili.

Vyeo vingine vilipangwa kwa mantiki ya kuridhisha. Daktari alihifadhiwa kwa mhitimu wa chuo kikuu, na juu yake akawekwa daktari bingwa. Tabibu, jina lililokuwa la vitabu, lilipewa mwenye stashahada ya miaka mitatu. Na tabibu msaidizi akawa mwenye cheti. Vivyo hivyo katika uuguzi: muuguzi ni mwenye cheti, afisa muuguzi msaidizi ni mwenye stashahada, afisa muuguzi ni mwenye shahada. Mwenye kuijua mizani hii huweza kusoma kibandiko kifuani mwa mtumishi na kukisia kwa usahihi amesoma kiasi gani. Kwa namna hiyo Tanzania ilipata vyeo vyenye kusema.

Mfumo huo haukukosa udhaifu. Katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha, zahanati nyingi za vijijini zilihudumiwa na wasaidizi wa tiba waliofunzwa miaka mitatu baada ya elimu ya msingi. Kijijini hawa nao waliitwa waganga, na pengine madaktari. Hata hivyo jina rasmi lilikuwako, na lilikuwa la Kiswahili, hivi kwamba aliyetaka kusahihisha alikuwa na la kusahihishia.

Kenya ilifuata njia nyingine. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa na kuingizwa bungeni mwaka 1974, lakini sheria za tiba ziliandikwa kwa Kiingereza: ile ya madaktari na madaktari wa meno ya mwaka 1977, ile ya wauguzi ya mwaka 1983, na ile ya maafisa wa kliniki ya mwaka 1988, iliyofuatwa na nyingine mwaka 2017. Kila moja ilieleza kwa makini mafunzo, usajili na mipaka ya kazi. Hakuna iliyohitaji jina la Kiswahili. Watangazaji na waandishi wa magazeti wakaachiwa kazi ya kubuni, nao wakabuni kila mmoja kwa njia yake. Mtumishi yule yule huitwa afisa wa kliniki katika ukurasa mmoja, tabibu katika wa pili, na daktari katika wa tatu. Mganga, kwa upande wake, amebaki kuwa mtu wa mkoba tu, na kwa wengi jina lenyewe limekuwa la dharau.

Matokeo yake ni kwamba neno moja laweza kuvuka mpaka na kugeuka kinyume chake. Mkenya asomaye gazeti la Dar es Salaam na kukuta kwamba Mganga Mkuu ametoa onyo kuhusu kipindupindu huweza kucheka pasipo sababu. Kinyume chake, magharibi zaidi, katika Kiswahili cha Kongo, munganga ni jina la kawaida la daktari wa hospitali, wala hakuna anayelicheka.

Jambo hili laweza kuwa na uzito wa kiserikali. Mwezi Machi 2017, madaktari wa Kenya walipokuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, serikali ya Tanzania ilikubali kuleta Kenya madaktari 500. Mahakama ya Kenya ilizuia mpango huo, na Tanzania ikawaajiri nyumbani waliokuwa wamejitokeza. Mzozo ulihusu ajira, haukuhusu lugha. Lakini ulionyesha kwamba watumishi wa tiba wanaweza kutakiwa kuvuka mpaka wakati wowote. Wakivuka, vyeo vyao vitavuka nao, na mgonjwa atakayewapokea hana kamusi moja ya kuvisomea.

MUUGUZI NA MKUNGA

Majina mawili yahitaji kutajwa peke yake kwa sababu yanahusu kazi ambayo sehemu kubwa imefanywa na wanawake.

Muuguzi, jina lililoandikwa pia mwuguzi, latokana na kitenzi kuugua, kupitia kuuguza. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kukesha naye. Ilikuwa kazi ya mama, dada au mke, isiyo na mshahara wala mwisho. Kulichukua jina hilo na kulifanya cheo kulikuwa na faida, kwa kuwa lilieleweka papo hapo. Lakini lilikuja na mzigo wake: cheo kilirithi dhana kwamba kazi hii ni huruma tu, ambayo kila mwanamke anaijua kwa kuzaliwa. Elimu ya dawa, ya mwili wa binadamu na ya kuzuia maambukizo, ambayo muuguzi huisomea miaka kadhaa, haionekani katika jina. Yamkini ndiyo sababu wauguzi wenyewe walipendelea kuitwa manesi au masista, jina hili la pili likitoka kwa watawa wa misheni na kwa wasimamizi wa wodi za Kiingereza. Jina la kigeni halikuwakumbusha watu kazi za nyumbani.

Mkunga alipatwa na jambo lililo kinyume. Jina lake lilikuwa na heshima tele, na wasomi wakalichukua. Mhitimu wa uzalishaji alipoanza kuitwa mkunga, mwenye jina la asili alilazimika kuwa mkunga wa jadi. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliwataja watabibu wa jadi kuwa wanaweza kushiriki katika huduma za msingi za afya, na katika miaka iliyofuata wakunga wengi wa jadi walipewa mafunzo mafupi. Baadaye sera ya kimataifa ilibadilika, ikasisitiza kwamba uzazi usimamiwe na mtu aliyehitimu. Hivyo, katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, mkunga alipoteza jina, akapewa sifa, akapewa mafunzo, kisha akaambiwa asizalishe tena. Methali iliyomlinda ingali inasemwa, ila aliyelindwa nayo amebadilika.

HITIMISHO

Uchunguzi huu waonyesha kwamba jina la cheo cha tiba hubeba mambo matatu: mafunzo aliyopata mwenyewe, mamlaka aliyopewa, na imani ya wale anaowatibu. Majina ya asili yaliyabeba yote matatu pamoja. Vyeo vya kikoloni vilibeba mamlaka, vikaficha mafunzo, na imani ikaachwa ijitafutie njia yake. Ikaifuata sindano.

Kwa Kenya jambo hili limekuwa la haki za raia. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Ni vigumu kuona jinsi agizo hilo litakavyotimizwa ikiwa mgonjwa haelezwi hata anayemtibu ni nani. Mama ambaye mwanawe anatakiwa kupasuliwa anastahili kujua, kwa neno moja asilohitaji kufasiriwa, kama aliye mbele yake ni bingwa, daktari, tabibu au mwanagenzi.

Maneno hayo yapo. Tabibu limekwisha fanyiwa majaribio nchini Tanzania kwa miaka mingi, na waandishi wa Kenya wamekwisha anza kulitumia; linahitaji tu kuwekewa mpaka. Daktari bingwa limezoeleka. Mwanagenzi, jina la kale la mwanafunzi wa kazi, limekwisha ingia katika habari za madaktari wa Kenya, ingawa Tanzania yamwita mtu huyo daktari tarajali, na hapo patahitaji mashauriano. Lililo gumu zaidi ni mganga, kwa kuwa Tanzania haiwezi kulitupa na Kenya haiko tayari kulipokea. Huenda lisiwe na suluhisho la haraka. Lakini wanaisimu wa pande zote mbili wangefanya vyema kukumbuka maana ya kitenzi chake kabla ya kuamua: kuganga ni kuunga kilichoachana.